Lumumba Mwanafunzi: Mtu Mzima Aliyejifunza Kifaransa

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukutana na Patrice Lumumba katika somo la historia: waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa akiwa na umri wa miaka 35. Mimi nasoma isimu, upande wa lugha za Kiafrika, na nimemwendea kwa njia nyingine. Kabla ya kuwa mwanasiasa, Lumumba alikuwa mwanafunzi wa Kifaransa. Hakukipata nyumbani utotoni, hakumaliza sekondari, wala hakuwahi kukanyaga chuo kikuu. Alikijenga akiwa mtu mzima, baada ya saa za kazi, ukurasa kwa ukurasa. Katika makala haya nasimulia maisha yake kwa kufuata uzi huo mmoja, kwa sababu unapita hata kwetu Masisi.

Nieleze kwanza unapitaje. Mtoto wa Masisi huanza na Kihunde, Kinyarwanda au Kitembo mgongoni mwa mama yake. Kiswahili anakiokota sokoni na barabarani. Akivuka kwenda Walikale anakuta Kinyanga na Kikumu. Kifaransa huja nyuma ya zote, pamoja na chaki. Aliyeondolewa darasani na vita au na ukosefu wa karo hukikosa, lakini karatasi hazimsubiri akijue. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, buletini ya shule, karatasi ya hospitali, hati ya shamba, barua ya kuitwa mahakamani: karibu zote zimeandikwa kwa Kifaransa. Likizo kadhaa nimesaidia kufundisha watu wazima jioni, katika darasa la kuazima, na wengi wao ni akina mama wa rika la mama yangu. Swali lao ni moja: je, mtu aliyekwisha kukomaa bado anaweza kukijua Kifaransa? Nami nimewajibu kwa mfano wa mtu ambaye wote wanalijua jina lake.

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, huko Katako-Kombe, nchi ya Watetela. Leo ni jimbo la Sankuru. Wazazi wake walikuwa wakulima. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kitetela, na ndiyo aliyoisikia hadi alipopelekwa shule za misheni: kwanza kwa Wamethodisti, ambao makao yao makubwa yalikuwa Wembo-Nyama, kisha kwa Wakatoliki wa Tshumbe. Alihama kutoka shule moja kwenda nyingine na hakumaliza. Alikuwa mtoto wa maswali mengi, na maswali mengi hayakupendwa sana katika shule za wakati ule.

Hapa yafaa tukumbuke utaratibu wa Wabelgiji. Watoto wengi wa Kongo walifundishwa kusoma na kuandika kwa lugha za kienyeji au lugha za biashara kama Kiswahili na Kilingala. Kifaransa kiliwekwa juu, mahali ambapo wachache tu wangefika: makarani, wasaidizi wa tiba, waalimu, waseminari. Mwanafunzi wa isimu anaweza kuusifu mwanzo huo wa lugha ya mama, na mimi nausifu. Tatizo lake ni kwamba ulikuwa ngazi yenye vidato vya chini peke yake. Mtoto aliingizwa shuleni kwa lugha yake, kisha lugha iliyokuwa na kazi, sheria na mishahara ikabaki nyuma ya mlango mwingine. Lumumba alitoka misheni akiwa na Kifaransa cha kusoma kidogo na kuandika kidogo, na akili iliyotaka zaidi.

Karibu mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka 18 hivi, aliondoka kwao akaenda Kalima, katika Maniema, ambako kampuni ya Symétain ilichimba bati. Akapata kazi ya ukarani. Wakati huo Maniema, Masisi na Walikale zilikuwa katika jimbo moja, jimbo la Costermansville, ambalo baadaye liliitwa Kivu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mshahara ya Lumumba aliifanyia katika jimbo letu. Na Maniema ni nchi ya Kiswahili tangu enzi za misafara ya Nyangwe na Kasongo. Hapo kijana Mtetela aliishi kati ya lugha tatu: Kitetela cha moyoni, Kiswahili cha wafanyakazi wenzake, na Kifaransa cha daftari la bosi. Mtu anayejifunza lugha ukubwani huanzia hapo mara nyingi, kwenye kazi inayomdai maneno fulani leo na mengine kesho.

Mwaka 1944 alifika Stanleyville, mji ambao sisi tunauita Kisangani, na akaajiriwa katika ofisi ya serikali kama karani. Kazi ya karani wa kikoloni ilikuwa ya kunakili: majina, umri, kabila, kodi, tarehe. Anayenakili huona namna sentensi za serikali zinavyojengwa, na asipokuwa mvivu huanza kuuliza kwa nini zimejengwa hivyo. Mwaka 1947 alipelekwa Léopoldville, yaani Kinshasa, kwenye shule ya posta. Alifaulu vizuri, akarudi mashariki akiwa mfanyakazi wa posta, kwanza kwa muda huko Yangambi, kisha Stanleyville. Posta ilimfaa. Kwa miaka kadhaa aliishi katikati ya barua, fomu na hundi.

Lakini kazi ya mchana ilikuwa nusu tu ya masomo yake. Jioni alifuata mafunzo zaidi, mengine kwa njia ya barua. Alijitolea katika maktaba ya mji na akasoma kila alichoweza kukishika. Wanaosimulia maisha yake wanawataja Voltaire, Rousseau, Molière na Victor Hugo. Ebu tuone uzito wa orodha hiyo. Huyu hakuwa mwanafunzi aliyepangiwa vitabu na mwalimu, kutoka chepesi kwenda kigumu. Aliruka moja kwa moja kwenye Kifaransa cha karne ya 17, ya 18 na ya 19, huku kamusi ikiwa karibu, baada ya siku nzima ya kuhesabu stempu. Matokeo yake yanaonekana katika maandishi yake: sentensi ndefu, zilizopangwa kwa utaratibu, maneno ya heshima, hoja zinazofuatana kama makarani kwenye foleni ya mshahara. Ni Kifaransa kilichoingia kwa macho kabla ya kuingia kwa masikio.

Jambo la pili alilofanya, na kwangu ndilo kubwa zaidi, ni kuandika ili asomwe. Mwaka 1945 lilianzishwa Léopoldville jarida la La Voix du Congolais, lililoandikwa na Wakongo wenyewe chini ya uangalizi wa serikali, na mhariri wake alikuwa Antoine-Roger Bolamba. Lumumba akaanza kulitumia makala, pamoja na gazeti la La Croix du Congo. Aliandika juu ya elimu, ndoa, mishahara, ubaguzi, maisha ya mjini. Anayefundisha watu wazima anajua faida ya jambo hili. Daftari la mazoezi linasahihishwa na mwalimu kisha linafungwa. Makala inasahihishwa na mhariri, kisha inasomwa na jirani, na rafiki, na adui. Kosa linauma zaidi, kwa hiyo halirudiwi. Na sentensi iliyonyooka inaleta furaha ambayo alama za darasani haziwezi kuileta.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifika Stanleyville mtafiti wa maisha ya mjini, Pierre Clément, na Lumumba akawa msaidizi wake na rafiki yake. Kwa karani wa posta, urafiki huo ulikuwa darasa la namna nyingine. Hapa alipata mtu wa Ulaya wa kuzungumza naye mambo ya kawaida: chakula, vitabu, familia, uvivu, mzaha. Vitabu havimfundishi mtu kucheka kwa Kifaransa. Hilo linahitaji mtu wa kucheka naye.

Nimesema lugha. Sasa niseme utamaduni, maana katika Kongo ya Wabelgiji viwili hivyo viliuzwa kwa pamoja. Mkongo aliyesoma na kuishi kwa namna ya Kizungu aliitwa evolwe, yaani mtu aliyepiga hatua. Neno lenyewe lilibeba hukumu: wengine wote walikuwa bado hawajapiga hatua. Mwaka 1948 serikali ilianza kuwapa watu hao kadi ya sifa ya uraia. Mwaka 1952 ikatoka sheria ya imatrikulasio, iliyomweka Mkongo aliyechaguliwa karibu na sheria za Wazungu. Kuipata kulihitaji mtihani wa maisha yote. Tume ilichunguza elimu, tabia na ndoa ya mwombaji. Iliweza kuingia nyumbani kwake kutazama vitanda, vyombo vya mezani, choo, na kama mume hula pamoja na mkewe. Uma na kisu vilipewa alama kama sarufi. Waliofaulu katika nchi nzima walikuwa wachache mno.

Lumumba aliomba. Mara ya kwanza hakukubaliwa. Hakunyamaza, akafuatilia, na mwaka 1954 akaipata. Kwa wakati huo alikuwa pia kiongozi wa vyama kadhaa vya Stanleyville: chama cha wafanyakazi wa posta, chama cha watumishi Waafrika wa serikali, klabu ya waevolwe. Mfalme Baudouin alipotembelea Kongo mwaka 1955, Lumumba alipata nafasi ya kuzungumza naye. Mwaka 1956 akawa kati ya Wakongo walioalikwa Ubelgiji kwa ziara ya masomo. Ukitazama kwa nje, mwanafunzi alikuwa amefaulu. Lugha anayo, kadi anayo, kiti karibu na mfalme amekipata.

Lakini kulikuwa na somo moja la sarufi ambalo kadi haikuweza kulibadilisha. Kifaransa kina namna mbili za kumwita mtu unayesema naye. “Tu” ni ya ndugu, rafiki, mtoto, na pia ya mtu unayemdharau. “Vous” ni ya mgeni, mkubwa, mtu wa kuheshimiwa. Kila mwanafunzi wa Kifaransa hufundishwa jambo hili katika wiki za mwanzo. Katika Kongo, Mzungu alimwita Mwafrika “tu”, awe mpagazi au awe karani, awe kijana au mzee mwenye wajukuu. Mwafrika alimjibu kwa “vous”. Hivyo evolwe alikuwa katika hali ya ajabu: alikuwa amesoma kanuni ya heshima ya lugha hiyo vizuri kuliko baadhi ya waliomwajiri, na kila asubuhi kanuni hiyohiyo ilivunjwa juu ya kichwa chake. Kadiri alivyojua Kifaransa zaidi, ndivyo alivyosikia tusi lile zaidi. Asiyejua lugha husikia sauti tu. Anayeijua husikia cheo alichopewa.

Kwetu Kiswahili hakina mgawanyo huo kwa kawaida. Mfalme ni wewe na mchungaji wa ng'ombe ni wewe. Heshima tunaiweka mahali pengine: katika mzee, katika baba na mama, katika jina la mtoto wa kwanza. Mwanamke wa Masisi anaitwa Mama Furaha, na mtu akimwita kwa jina la ubatizo peke yake, wote waliopo wanajua kuna kitu kimepungua. Kwa hiyo mtu mzima wa kwetu anapoanza Kifaransa, hapungukiwi na adabu. Anachohitaji ni kujua kwamba adabu imehamia katika kiwakilishi.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uzito. Niliwahi kumsindikiza mzee mmoja wa kijiji chetu kwenye ofisi fulani, kufuata karatasi ya shamba. Karani alikuwa na umri wa mjukuu wake. Kwa Kiswahili alimwita papa, kwa upole kabisa. Ilipofika zamu ya kujaza fomu akaingia katika Kifaransa, na papa akageuka “tu”: jina lako nani, una kitambulisho, weka sahihi hapa. Wazungu wa zamani hawakuwepo tena katika chumba kile. Kiwakilishi chao kilikuwepo. Mzee hakutambua, mimi nilitambua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilisoma jambo hili katika maisha ya Lumumba kwa makini.

Turudi kwake. Aliporudi kutoka Ubelgiji mwaka 1956 alikamatwa kwa kosa la kuchukua fedha za posta, akahukumiwa kifungo. Alitoka Septemba 1957. Gerezani aliandika kitabu kizima kwa Kifaransa kuhusu mustakabali wa Kongo, kilichokuja kuchapishwa mwaka 1961, baada ya kifo chake. Anayekisoma akitarajia Lumumba wa mabango atashangaa. Mwandishi wake bado anawaamini Wabelgiji, bado anaomba ushirikiano, bado anaeleza kwa subira kwamba Mwafrika aliyesoma anastahili kutendewa kama mtu. Ni maandishi ya mwanafunzi anayetaka mtahini aone kwamba kazi imefanywa.

Mwaka huohuo wa 1956, katika misitu ya Walikale, mzee wa Kinyanga aitwaye Shekarisi Candi Rureke aliisimulia tendi ya Mwindo kwa siku nyingi mfululizo, akiimba na kucheza, na ikaandikwa neno kwa neno kwa Kinyanga. Ilichapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na mwanaisimu wa Kinyanga, Kahombo Mateene. Mzee huyo hakuombwa kuonyesha uma wala kisu. Ninapowasoma wawili hao pamoja, karani aliye gerezani Stanleyville na msimulizi wa Walikale, naona kile ambacho mtihani wa waevolwe haukuweza kukipima: kwamba mtu anaweza kuwa bingwa wa lugha bila hata neno moja la Kifaransa. Wanafunzi wangu wa jioni, wenye lugha tatu au nne kila mmoja, wanapaswa kuambiwa hili kabla ya somo la kwanza.

Baada ya gereza Lumumba alihamia Léopoldville na kupata kazi katika kampuni ya bia ya Bracongo, akiitangaza bia ya Polar. Wapo wanaoipita hatua hii haraka, kana kwamba inamshushia heshima. Kwa mwanafunzi wa lugha ni hatua muhimu. Posta ilikuwa imempa Kifaransa cha maandishi. Bia ilimpeleka katika baa na mitaa ya mji mkuu, kusema na umati kwa Kilingala, kuchekesha, kujibu papo hapo. Mtu aliyejifunza kwa macho sasa alijifunza kwa mdomo na masikio. Alipounda chama cha MNC pamoja na wenzake mnamo Oktoba 1958, alikuwa na kitu ambacho wasomi wengi wa wakati wake hawakuwa nacho: aliweza kueleza wazo lilelile kwa Kifaransa mbele ya waandishi wa habari, kwa Kilingala Léopoldville, na kwa Kiswahili Stanleyville. Kitetela na Tshiluba pia alizijua. Kifaransa hakikuzifuta lugha zake za zamani. Kiliketi pamoja nazo.

Desemba 1958 alikwenda Accra kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote, akarudi akidai uhuru waziwazi. Mwaka 1959 machafuko ya Stanleyville yalimrudisha gerezani, na Januari 1960 akatolewa humo ili aende Brussels, kwenye mazungumzo ya meza ya mviringo yaliyopanga tarehe ya uhuru. Chama chake kikapata viti vingi kuliko vingine katika uchaguzi wa Mei, na Juni akawa waziri mkuu. Katika serikali yake waziri wa habari alikuwa Anicet Kashamura, mtu wa Kivu.

Tarehe 30 Juni 1960, katika jumba la Bunge mjini Léopoldville, mfalme Baudouin alisema kwanza, akamsifu Leopold wa Pili na kazi ya Wabelgiji. Rais Kasavubu akafuata kwa maneno ya heshima. Lumumba hakuwa katika ratiba. Alisimama na kusoma hotuba yake kwa Kifaransa kilekile alichokitafuta kwa miaka zaidi ya 15. Alitaja kazi za kulazimishwa, vipigo, ardhi iliyochukuliwa, sheria mbili kwa watu wa rangi mbili. Na katikati ya mambo hayo makubwa alitaja kiwakilishi: kwamba Mwafrika aliitwa “tu”, si kwa urafiki, bali kwa sababu “vous” ilikuwa imewekewa Wazungu.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na bado inanishangaza kwamba mtu mwenye dakika chache mbele ya dunia nzima alizitumia kwa jambo la sarufi. Lakini nani mwingine angelitaja? Aliyezaliwa katika Kifaransa huenda asingelihesabu kuwa ni jeraha. Asiyekijua asingelisikia. Lilihitaji mtu aliyekijifunza akiwa mkubwa, aliyekumbuka siku alipofundishwa tofauti ya maneno hayo mawili, na aliyeona kila siku tofauti hiyo ikitumiwa dhidi yake. Katika kitabu cha gerezani alikuwa akionyesha kwamba anakijua Kifaransa. Siku ya uhuru aliwaonyesha wenye lugha kwamba wao hawakuiheshimu. Mchana wa siku hiyohiyo, kwenye chakula, alisema tena maneno ya upole kwa mfalme. Aliijua lugha kwa pande zote mbili, ya kuchoma na ya kutuliza, akachagua kila moja kwa wakati wake.

Yaliyofuata yanajulikana. Jeshi liliasi baada ya siku chache, Katanga ikajitenga Julai, Kasavubu akamwondoa tarehe 5 Septemba, na Mobutu akachukua madaraka tarehe 14. Lumumba aliwekwa kizuizini nyumbani, akatoroka usiku wa tarehe 27 Novemba kuelekea Stanleyville, akakamatwa siku chache baadaye kwenye kivuko cha mto Sankuru. Alifungwa Thysville, na kutoka huko alimwandikia mkewe Pauline barua ya mwisho. Aliiandika kwa Kifaransa. Ni barua ya mume, lakini ndani yake anasema na watoto wake na nchi yake pia. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Élisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na wote watatu waliuawa usiku huo. Miili yao iliharibiwa ili pasiwe na kaburi. Jino moja lililohifadhiwa Ubelgiji lilirudishwa kwa familia yake Juni 2022 na kuzikwa Kinshasa.

Sasa naweza kulijibu swali la akina mama wa Masisi. Ndiyo, mtu mzima anaweza kukijua Kifaransa, na maisha haya yanaonyesha njia. Alianza na Kifaransa alichokihitaji kazini, hakusubiri kukijua chote. Alisoma zaidi ya alivyofundishwa. Aliandika vitu vya kusomwa na watu, wala hakuishia kwenye mazoezi. Alipata rafiki wa kuzungumza naye. Na hakuziacha lugha zake nyingine, ndizo zilizompa watu wa kuwaambia alichokijua. Kati ya hayo, hakuna linalohitaji ujana. Yanahitaji muda, taa, na karatasi za kusoma. Najua kwamba kwetu, vita vinapowafukuza watu mara kwa mara kutoka vijijini, hata taa ni jambo kubwa.

Lakini maisha hayohayo yanatupa sisi, wanafunzi na waalimu wa lugha, kazi ya upande wa pili. Katiba ya mwaka 2006 inaweka Kifaransa kuwa lugha rasmi, na inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa ambazo serikali inapaswa kuziendeleza. Mama anayejifunza Kifaransa usiku ili asome karatasi ya hospitali anafanya sehemu yake. Sehemu yetu ni kudai karatasi hiyo iwe na Kiswahili pia, na kuiandika sisi wenyewe ikiwa hakuna mwingine. Wenye elimu ya isimu katika kitivo hiki tunatosha kutafsiri fomu za zahanati moja na za shule moja katika muhula mmoja. Napendekeza tuanze na zahanati.

Na katika darasa la jioni nimebadili somo la kwanza. Vitabu vingi vinaanza na majina na salamu za rafiki kwa rafiki, kwa hiyo “tu” hutangulia. Mimi naanza na “vous”. Nawaita hivyo wanafunzi wangu wote, tangu mlango wanapoingia, na nawaomba waitane hivyo mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza. Baadaye nawafundisha “tu”, na nani anayo ruhusa ya kuitumia kwao: mume, dada, rafiki, mtoto wao. Halafu nawaeleza kwamba mtu mwingine yeyote akiwaita hivyo ofisini, wana haki ya kumjibu kwa utulivu kwamba hawakuwahi kulisha ng'ombe pamoja. Wanacheka sana. Wiki chache zilizopita mmoja wao aliniambia kwamba alimjibu hivyo karani fulani, kwa Kiswahili, na karani akaanza fomu upya kwa “vous”.